Mikono ya Koplo Ngonyani

Risasi ilimpata Tweve kooni akiwa katikati ya kutaja jina la ua.

Alikuwa amepiga goti kando ya njia, ameshika shina la ua jekundu kwa vidole viwili ili wageni walione vizuri. "Hili sisi Wakinga tunaliita," alisema, na hapo mlio ukapasuka. Kiongozi wa njia, mtu aliyezaliwa na kukulia ukingoni mwa uwanda wa Kitulo, akaanguka kifudifudi juu ya maua yake. Damu ilimruka, ikachuruzika, ikakoma.

Subilaga Mwasomola aliyaona yote akiwa ameketi kwenye benchi la jiwe, vifungo vya kifuani vya gamba lake, vazi la mitambo lililomwezesha kutembea, vikiwa wazi. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la aibu: kituo hiki nimekichagua mimi.

Kweli alikichagua yeye. Kazi yake ilikuwa kupanga likizo za watu ambao miili yao haikuwaruhusu kwenda watakako: waliopooza, waliokatwa viungo, waliozaliwa na miguu iliyopinda kama yeye. Na kabla ya kumpeleka msafiri popote, aliionja njia. Ndivyo walivyofanya wapangaji wote wa fani ile. Unalivua gamba, unaipita njia nzima kwa makalio na viganja, ili ujue msafiri wako atakutana na nini siku mitambo ikigoma. Kitulo aliionja mpaka ngozi ya viganja ikamtoka. Akajua tope liko wapi, mteremko upi unamsukuma mtu, choo kijengwe upande gani na vyuma vyake vya kushikilia viwe urefu gani. Akajua pia pa kupumulia. Maana gamba, hata liwe zuri namna gani, hufungwa juu ya ngozi, na ngozi isiyopata upepo hutoka vidonda. Lazima msafara usimame, watu wafungue vifungo, wajipepee. Subilaga, kwa fahari ya kazi yake, alisimamisha kibao kikubwa pale na kukitia kwenye ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua: Kituo cha Upepo. Hapa Tunafungua.

Wachunaji, wezi wa magamba, nao walikuwa wakisoma ramani.

Walitoka wawili nyuma ya mwamba. Mmoja alikuwa mnene, bunduki yake bado inafuka. Mwingine alikuwa mwembamba, koti lake la kijani limepigwa pasi, mkononi ana kisu kifupi kilichopinda ncha.

"Samahani kwa usumbufu," alisema mwembamba. "Mimi naitwa Fundi. Huyu ni Kibonge, msimjali, hakufundwa adabu kwao. Kila mtu mikono kichwani, tafadhali."

"Tafadhali?" alifoka Hidaya. "Umeua mtu, kisha unaniambia tafadhali? Mwana hizaya mkubwa!"

Hidaya Mketo alikuwa mshona nguo za harusi kutoka Tanga, na mdomo wake haukupumzika tangu walipoondoka kambini. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na kwa miaka mingi mikono yake ilienda ilikotaka yenyewe. Sasa ilitunga shanga. Aliipandisha kichwani taratibu, macho yake hayabanduki kwa Tweve.

Subilaga alijaribu kufunga vifungo vyake. Fundi alikuwa ameshafika. Kisu kilipita chini ya kifungo cha juu, kikateremka kwa mvuto mmoja, na gamba likafunguka. Alilikamata mabegani akalivuta. Ngozi ya mgongo ya Subilaga ilikwenda nalo vipande vipande. Alipiga ukelele. Fundi akamsukuma kwa buti, akaangukia ubavu kwenye majani yaliyolowa, miguu yake miembamba ikijikunja chini yake.

"La kwanza," alisema Fundi, akilikunja lile gamba kama shuka. "Kibonge, mtazame yule mzee."

Mzee mwenyewe alikuwa amesimama mikono kichwani, mtulivu. Koplo mstaafu Desderi Ngonyani, Afande kwa kila mtu, alipoozwa na kipande cha bomu kilichomwingia shingoni vitani. Chini ya kidevu hakuwa na chake isipokuwa lile gamba la kijeshi, jeusi, zito, la mtindo wa zamani, lenye vidole vya kuvunja matofali. Alipokuja kwa Subilaga kuomba likizo hakuuliza habari za chakula wala vitanda. Alisema, "Nipangie mahali ambako sijawahi kupigana." Subilaga alicheka. Yeye hakucheka.

"Chuma chakavu hicho," alisema Fundi baada ya kumzunguka. "Tutalivua mwisho tukipata nafasi. Sisi tumemfuata huyu bibi mwenye mdomo."

Hidaya akaacha kutukana.

*

Gamba la Hidaya lilikuwa la mizizi.

Magamba ya kawaida husikiliza kutoka nje, kupitia ukanda wa kichwani: mtu anakusudia hatua, ukanda unaisikia nia, misuli ya nyuzi inavuta. La mizizi huingia. Madaktari hupanda nyuzi nyembamba kuliko unywele kando ya uti wa mgongo, na kwa miezi zinakua, zinatafuta, zinajifunza mpaka hazijui tena mwili unaishia wapi na mtambo unaanzia wapi. Kwa mtu kama Hidaya hakukuwa na njia nyingine. Kuliondoa kunahitaji hospitali, na mikono mingi yenye subira. Lakini mizizi iliyokwisha kujifunza mwili wa mtu hutafutwa sana na wale wanaoendesha mitambo ya migodini kwa mawazo tu. Kwa hiyo kukawa na wachunaji, na kukawa na maiti vilimani.

"Mlaze," alisema Fundi.

"Subiri," alisema Afande. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunena. "Anza na mimi."

"Wewe huna kitu, mzee wangu."

"Nina kichwa. Nichukueni mateka. Jeshi litanitafuta, mtapata mnachotaka. Huyo binti mwacheni."

Kibonge alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Jino liliruka. Afande alitema damu pembeni, akaweka tena uso wake sawa, mikono haikushuka kichwani. Vidole vyake vya chuma vingeweza kuivunja ile bunduki kama muwa. Kila mtu pale alilijua hilo, hata Kibonge, aliyerudi nyuma hatua moja kwa woga wa alichokifanya.

"Mbona hupigani, babu?" Kibonge alimkejeli, sauti yake juu kidogo. "Au chuma kimeshika kutu?"

"Kimeshika," alisema Afande.

Walimlaza Hidaya kifudifudi juu ya benchi. Kibonge alimkalia miguu, bunduki ameielekeza kwa Afande. Fundi alikunja mikono ya koti lake.

"Suba," Hidaya aliita, shavu lake limebanwa na jiwe. "Suba, fanya kitu. Wewe ndiye mwenye msafara, fanya kitu!"

Subilaga alikuwa amelala juu ya mkono wake wa kushoto. Chini ya ubavu wake, kwenye kifundo cha mkono huo, ilikuwapo bangili ambayo Fundi aliidhani pambo. Ndiyo iliyokuwa usukani wa akiba.

*

Zamani, wakati magamba yalipoanza, kampuni za safari ziliwaendesha wasafiri wao kutoka mbali kama kundi la mbuzi. Mtu alikaa ofisini na bangili, na watu wazima wakatembezwa milimani kwa mwendo mmoja. Ukitaka kusimama utazame bonde, miguu yako inakwenda. Ukitaka kugeuka nyuma, shingo imefungwa mbele. Mwanamke mmoja alipitishwa mbele ya nyumba aliyozaliwa, akalia kuomba asimame, miguu yake ikamvusha. Watu wenyewe wenye magamba ndio waliogoma. Wakalala barabarani wakakataa kuinuliwa, mpaka ikakubalika kwamba hakuna atakayeuendesha mwili wa mwingine bila kuuomba kwa maneno, na kila gamba likawekewa kufuli linalosikia sauti ya mwenyewe peke yake.

Tangu hapo fani ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya chai kupoa, mpangaji huzunguka. Anamwambia kila msafiri: naomba mwili. Msafiri anajibu: nakupa. Mpangaji anamwinua mkono mmoja, anaushusha, anarudisha. Sauti ile ya asubuhi hubaki ndani ya bangili mpaka jua lizame, kwa sababu moja tu: msafiri akizimia mlimani asiweze kusema, mpangaji amteremshe.

Afande hakuwa amezimia. Alikuwa macho kabisa.

Kila msafiri alikuwa na punje ya sauti sikioni. Subilaga aligeuza uso wake majanini, akanong'ona.

"Afande. Naomba mwili."

Alimwona akitikisika kidogo. Midomo yake iliyovimba ilisogea.

"Sikupi."

"Wanamuua."

"Macho ninayo."

"Basi nipe! Wewe funga macho tu. Dhambi iwe yangu."

"Mwanangu, hujui unachoomba. Nyamaza."

"Afande, nakusihi kwa Mungu wako—"

"Hiyo hapana ndiyo kitu pekee nilichojijengea kwa mikono yangu mwenyewe tangu nitoke vitani," alisema Afande kwa mnong'ono, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Usiniombe tena."

Fundi alichana nguo ya Hidaya mgongoni. Chini ya shingo mizizi ilionekana kama mishipa ya fedha, inapwita. Aliuchagua mmoja, akauzungusha kwenye ncha ya kisu, akavuta.

Hidaya alitoa sauti ambayo Subilaga hakuwahi kuisikia kwa kiumbe chochote. Mkono wake wa kushoto uliokuwa umeng'ang'ania ukingo wa benchi uliachia, ukaning'inia.

"Mkono wangu! Suba, mkono umezimika! Umezimika, siuoni, siuoni mkono wangu!"

"Huo ulikuwa mdogo," alisema Fundi kwa upole. "Huu wa katikati ndio wa pumzi. Utaumia kidogo tu, halafu basi."

Subilaga alimtazama Afande. Afande alikuwa analia, mikono kichwani.

Akabonyeza.

Sikioni mwa Afande, na mwake pia, sauti ikasema. Ilikuwa ya Afande mwenyewe, ya asubuhi, nzito, ya mtu mwenye chai mdomoni na roho nyeupe: nakupa.

Afande aligeuza macho kumtazama. Si hasira aliyoiona humo. Ilikuwa hofu.

*

Bangili husoma vidole. Mpangaji akifunga ngumi, ngumi ya msafiri hufungwa. Subilaga aliinua mkono wake wa kushoto kutoka majanini, mwembamba, una matope, akaufyatua mbele.

Afande alivuka uwazi kabla Kibonge hajapepesa. Kiganja cheusi kilikamata mtutu, kikaupinda, risasi ikatoka ikapasua udongo. Kiganja kingine kilikamata kiwiko cha Kibonge. Subilaga alizungusha kifundo chake, harakati ndogo kama ya kufungua mtungi. Mfupa ulitoka nje ya ngozi, mweupe. Kibonge aliporomoka akilia.

"Niache!" Afande alipaza sauti. Kinywa kilikuwa bado chake. "Subilaga, niache! Niachee!"

Fundi alikuwa mwepesi. Aliruka juu ya mgongo wa Afande, akatafuta shingo kwa kisu, mahali ambapo chuma kiliishia na nyama ilianzia. Ncha ilizama chini ya sikio. Subilaga aliuona ule mchirizi mwekundu, akapitisha mkono wake juu ya bega lake, akakamata hewa, akavuta. Fundi alipaa juu ya kichwa cha Afande, akatua kwa mgongo juu ya benchi, kando ya Hidaya.

"Dada," alisema Fundi. Sasa alikuwa amejua nani anapigana naye. Alimtazama Subilaga pale chini, akainua viganja vyake vitupu. "Dada, basi. Nimekubali. Tuzungumze."

Subilaga alifunga ngumi.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo baadaye hakuweza kuiweka mahali. Mtu alikuwa amesema basi. Kisu kilikuwa kimeanguka. Na yeye alikuwa na Tweve mbele ya macho yake, na mgongo wake unawaka, na kilio cha Hidaya masikioni, na katika mkono wake hakukuwa na uzito wowote. Hewa tupu. Alipiga hewa. Alipiga tena hewa. Upande wa pili wa ile hewa, ngumi ya Afande ilishuka usoni mwa Fundi, ikashuka tena, na tena, na Afande akafumba macho, na damu ikamrukia kwenye kope, na alikuwa haombi tena kuachwa. Alinyamaza. Subilaga alipokuja kugundua kwamba amenyamaza, Fundi hakuwa na uso.

Kibonge alikuwa ameinuka, mkono wake umening'inia, anakimbia huku anayumba kuelekea tuta la juu.

Subilaga akafungua vidole. Bangili ikalia kidogo. Mwili ukarudi kwa mwenyewe.

"Nimekurudishia," alisema. "Afande, nimekurudishia. Nisamehe. Imekwisha."

*

Hidaya alijiviringisha kutoka kwenye benchi kwa mkono mmoja. Alitapika. Kisha akatambaa mpaka kwa Tweve, akavua mtandio wake, akamfunika.

Afande alisimama akitazama viganja vyake. Alivigeuza. Alivikunja na kuvikunjua, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayepima viatu vipya.

"Walidhani nimeokoka," alisema. "Pale kanisani kwetu Peramiho, walinisimamisha mbele wakasema tazameni, askari aliyeacha damu. Padri akalia." Alijifuta kope. Akatabasamu, na pengo la jino likaonekana. "Sikuwa naogopa kuua, mwanangu. Nilikuwa naogopa kwamba napenda."

"Afande, kaa chini," alisema Hidaya. "Unatoka damu shingoni. Njoo nikufunge."

Hakumsikia. Aliinama, akaokota kisu kilichopinda, akakipangusa kwenye paja.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Subilaga.

"Yule ndiye aliyempiga Tweve."

"Hana silaha! Mkono wake umevunjika, hafiki mbali. Doria watamkamata. Afande, imekwisha!"

"Kwako," alisema Afande.

Akaanza kupanda. Hakukimbia. Alikwenda kwa hatua ndefu, za raha, akikanyaga maua meupe na ya manjano, na juu yake Kibonge alikuwa akiparamia tuta kwa mkono mmoja, anateleza, anaparamia tena.

Usukani wa akiba ulifika mpaka juu ya lile tuta. Nyuma yake mwamba uliziba mawimbi. Subilaga alilijua hilo kwa sababu alikuwa amelipima mwenyewe.

"Mzuie," alisema Hidaya.

Subilaga aliweka kidole gumba juu ya bangili.

"Afande," alinong'ona. "Afande, nakuomba. Naomba mwili."

Kule juu Afande alisimama. Aligeuka nusu. Kwa muda Subilaga alidhani atajibu. Afande alipeleka vidole sikioni, akatoa ile punje, akaitupa majanini. Akaendelea kupanda.

"Bonyeza!" Hidaya alipaza sauti. "Unangoja nini? Bonyeza!"

"Hakunipa."

Hidaya alimgeukia. Uso wake ulikuwa umepauka, mkono wake wa kushoto umelala ubavuni kama wa mtu mwingine. Alikuwa hai kwa sababu ya kile kidole gumba, na wote wawili walilijua.

"Na mara ya kwanza alikupa?"

Kibonge alifika juu ya tuta, akaangukia ng'ambo. Afande alifika nyuma yake. Kwa kitambo kidogo alisimama pale juu peke yake, mweusi mbele ya mbingu, mabega yameachia kama ya mtu aliyefika likizo. Kisha kichwa chake kikashuka nyuma ya mwamba.

Hapo ndipo Subilaga alipobonyeza. Akafunga ngumi kwa nguvu zake zote, akaivuta kifuani, akaivuta tena. Bangili ilikuwa baridi. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Ng'ambo ya tuta Kibonge alianza kuomba. Alimwita mzee wangu, akamwita baba, akamtaja mama yake kwa jina. Sauti ilifika vizuri kabisa, maana upepo wa Kitulo siku ile ulikuwa unavuma kuwaelekea.